Betri Nilizozikataa Makutano

Kabla ya lifti kuletwa, ghala letu la Makutano liliendeshwa na migongo ya watu. Mimi nilikuwa mtunza stoo, na kila siku niliwatazama wapakiaji wakipanda ngazi ya mbao na magunia ya mbolea mabegani. Mmoja wao, mtu wa Laare, mcheshi kuliko wote, aliteleza akaanguka. Tangu hapo alitembea amejikunja. Mama yangu naye alibeba kuni maisha yake yote kwa kamba iliyomchimba mfereji kwenye kipaji cha uso. Nilikuwa nimechoka kuona mizigo ikiharibu watu.

Kwa hiyo ile lifti ndogo ya umeme, kigari chenye uma wa kunyanyulia mizigo, ilipofika, kuukuu lakini nzima, nilifurahi kana kwamba ni yangu. Betri zake tu ndizo zilizokuwa zimekufa. Mwenye ghala akanunua betri za lori.

Zilifanya kazi asubuhi, kufika mchana zimechoka. Wiki haikuisha kabla lifti haijakwama juu na mzigo wa mbolea, na yule mtu wa Laare amesimama chini yake. Nilimvuta kwa shati, lifti ikianza kuinamia mbele. Wapakiaji wakalazimika kupanda ngazi ileile kuteremsha magunia kwa mikono.

“Tutanunua zingine kama hizo,” mwenye ghala akasema.

Nilichomoa ufunguo wa lifti nikautia mfukoni, na siku yangu ya mapumziko nikaenda Embu kwa fundi aliyekuwa akitengeneza lifti za namna hiyo. Alinieleza bila kunizungusha: betri ya lori hutoa nguvu nyingi kwa ghafla ili kuwasha injini, kisha injini huichaji tena. Lifti inataka betri ya kutoa nguvu polepole kutwa nzima, na iwe nzito, maana uzito wake nyuma ndio unaozuia lifti isipinduke mbele.

Niliporudi, mwenye ghala alikuwa mlangoni, na betri mpya za lori miguuni pake.

“Mama, lete ufunguo,” akaniambia.

“Hizo haziingii kwenye lifti, mzee.”

“Wewe ni mtu wa stoo. Betri unazijulia wapi?”

“Nimeuliza Embu. Na hata nisingeuliza, nimeona mtu akiponea chupuchupu. Ufunguo sitoi.”

“Basi nenda nyumbani.”

“Nifukuze mbele yao,” nikasema, nikielekeza mkono kwa wapakiaji. “Waambie pia sababu.”

Yule mtu wa Laare akaketi juu ya gunia, akakunja mikono. Wenzake wakaketi pia. Lori lilikuwa nje likisubiri kupakuliwa, dereva anapiga honi, na hakuna aliyeinuka.

Mwenye ghala alitazama lori, akatutazama sisi, kisha akatoa simu na kuniuliza kwa hasira namba ya fundi wa Embu.

Betri zile nzito zilipokuja, lifti ilinyanyua mizigo kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi sikushukuriwa. Kwa miezi kadhaa mwenye ghala hakunisalimu, nami sikumbembeleza.

Siku moja alileta wageni kutoka Kaaga, wenye duka la vyakula vya mifugo. Wakaisifia lifti, wakauliza ni nani aliyechagua betri.

“Nilichagua mwenyewe,” akasema.

Nilikuwa nikihesabu magunia karibu nao. Nikaacha.

“Hapana, mzee,” nikasema, kwa sauti ya kufika hadi ukuta wa nyuma. “Nilichagua mimi.”