Nguo za Mtoto Kwenye Kamba

Leo nimepigiwa vigelegele bure, jamani.

Asubuhi nilianika nguo za mtoto uani, hapa Bongwe. Mama Kadzo, jirani yangu ninayesali naye, akaja mbio.

"Hongera mwanangu! Ya miezi mingapi?"

Nikamwambia sina mimba. Nguo zilishika ukungu kabatini, nikazifua. Huu ni mwaka wa nane ninazitunza.

Akazitazama zile nguo. (Na mimi ndiye niliyeona haya, kana kwamba nimeiba!)

Akasema polepole, "Si uzigawe tu?"

Hapo hasira zikanipanda.

"Mama, Jumapili tuliimba pamoja kwamba Mungu ana wakati wake. Mimi sikuwa natania. Ukungu ukirudi, nitazifua tena."

Basi mnaopita njiani, ulizeni mkitaka. Sizianui mpaka zikauke.