Mvuke wa Shizuoka

Simu ya Chinami ilikatika jioni, na usiku ule wote niliishika yangu mkononi kama mtu aliyepewa yai. Alikuwa amesema maneno machache tu: "Mama, nimeharibu majani ya Mzee Kuramoto. Yote ya leo." Baada ya hapo, kila nilipopiga haikupokelewa. Barabara zetu za Wazuka ni nyembamba, zina kona nyingi, na mwanangu huendesha pikipiki. Nilipita kila kona kichwani mwangu.

Alfajiri Tokie, jirani ninayechuma naye chai, aligonga mlango.

"Mzima," akasema kabla sijauliza. "Kalala jikoni kwa Kuramoto na paka wao. Simu yake imeisha chaji. Hebu kaa chini, mama Chinami, umekuwa mweupe kama tofu."

Nikakaa palepale kizingitini. Nilicheka, nikalia kidogo, kisha nikainuka kuchemsha maji ya bancha, chai yetu ya kila siku ya majani makubwa, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Sijawahi kuinywa ikiwa tamu vile.

Chinami ana pua kali tangu utotoni. Alikuwa akinusa kopo na kuniambia kama chai ya ndani imechumwa masika au imekaa tangu kiangazi. Alipomaliza shule alikwenda Shizuoka kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na huko akakomaa. Baridi iliyopita alirudi, kwa kuwa Mzee Kuramoto, mwenye kiwanda kidogo cha chai hapa kwetu, hana mtoto na mgongo wake umechoka. Mzee alimwambia wazi: msimu huu atamtazama. Akiuweza mvuke, ule unaoivisha majani mabichi kabla ya kukaushwa, kiwanda ni chake kukiendesha. Asipouweza, arudi alikotoka. Mimi niliomba auweze. Nilikuwa nimechoka kuwa na mwanangu wa kwenye simu.

Njiani kwenda shambani Tokie alinieleza yaliyotokea. Mgongo ulimlaza Mzee, akamwachia Chinami majani ya gyokuro, chai yetu ya bei ya juu, peke yake kwa mara ya kwanza. Naye akayapiga mvuke wa Shizuoka. Kule majani hukua juani, ni magumu, na wao hupenda mvuke mrefu hadi chai itoke nzito ya kijani. Haya ya kwetu tulikuwa tumeyafunika kwa vitambaa vyeusi kwa wiki kadhaa. Jani la kivulini ni laini kama ngozi ya mtoto mchanga, linataka kuguswa na mvuke na kuachwa. Lilipotoka lilikuwa uji.

"Watu wa Shizuoka wanapika chai kama wanapika mchicha," Tokie akasema. Nilimwambia anyamaze, naye akanyamaza mpaka kona iliyofuata.

Tulichuma mpaka mchana. Nilipopeleka kikapu changu nilimkuta Chinami ameketi juu ya kreti nje ya kiwanda, nywele zimejaa vumbi la chai. Nilimshika mabega, nikampapasa mikono kama ninayetafuta jeraha. Akaniambia, "Mama, acha, watu wanatuona." Mlango wa kiwanda ulikuwa umefungwa. Mzee alikuwa ndani tangu asubuhi, mgongo umefungwa kitambaa cha sufu, na hakuwa amemsemesha.

Mkewe, Bi Hisae, alitoka na birika. Alikuwa ameikausha ile chai iliyoharibika na kuitia maji ya uvuguvugu. Ilikuwa na ukungu, imejaa vumbi chini ya kikombe, lakini mdomoni ilikuwa nene na tamu. Nilitaka kusema ni nzuri, nikaogopa. Bi Hisae akaninong'oneza kwamba mumewe ameinywa, akanuna, akaongeza kikombe.

"Kwa jina letu haiuziki," akasema. "Lakini wajukuu wa dada yangu watamaliza kopo."

Kikapu changu kikapita dirishani, kikapokewa na mikono ya Mzee. Tukasikia mashine ikianza kuunguruma, kisha ikazimwa. Sauti yake ikatoka nyuma ya mlango.

"Chinami. Jana ulijuaje kwamba yameiva?"

Mwanangu akasimama. "Nilitazama saa, Mzee. Kama tulivyokuwa tukifanya kule."

"Na pua yako ilikuwa wapi?"

Nilitamani kujibu badala yake. Tokie, aliyekuja nyuma yangu na kikapu chake, akanibana mkono.

"Ilikuwepo," Chinami akasema hatimaye. "Iliniambia harufu ya majani mabichi imekwisha na utamu umekuja. Sikuiamini. Nilidhani kwa sababu ni mapema mno, nimekosea."

Nilisikia Mzee akikohoa, akivuta kitu sakafuni, akiguna kwa ajili ya mgongo. Nikawaza labda anakwenda kulala na mambo yameishia hapo, na nikaanza kuhesabu kichwani nguo za mwanangu za kufunga kwa safari.

"Saa nimeitoa ukutani," Mzee akasema. "Vua viatu hivyo vya barabarani. Na mwambie mama yako aende kula, tangu afike anautazama mlango wangu kama anataka kuununua."

Mlango ukateleza pembeni, na mvuke ukatujia usoni.