Mgongo wa Baba Mkwe

Nilikuwa nimechonga mwiko mmoja tu maishani, nao umepinda, mama mkwe aliponiomba nimchongee sanamu ya marehemu mume wake. Picha ya mzee ilikuwa moja, ya kitambulisho, na hakuipenda hata kidogo.

"Huyo ni mtu aliyekatazwa kucheka," alisema. "Mimi namtaka yule wangu."

Nikakubali haraka, kwa kupenda sifa. Nikachukua gogo la mparachichi alioupanda mzee mwenyewe, nikaazima patasi kwa seremala wa Bagamoyo, hii ya huku kwetu, si ya pwani, nikakaa barazani huku mvua ikinyesha. Mparachichi ni mti laini, haumsumbui anayejifunza. Miguu ikatoka, koti likatoka. Nilipofika usoni mkono ukagoma.

Uso wake sikuwa naujua. Kwa wazee wa Kinyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Siku hizi wengi wanakula naye meza moja, lakini wangu alikuwa wa zamani, nami niliolewa nikiwa nimefundwa. Kifua kilimsumbua, maskini. Nikisikia anakohoa njiani nilijibanza migombani na ndoo yangu mpaka apite, ndipo nikamtazama kwa nyuma.

Nikabuni uso. Akatoka mtu mwingine kabisa, ana mashavu ya mwenyekiti wa kijiji. Nilicheka, kisha uchungu ukanishika. Miaka yote nimempikia mtu, na macho yake siyajui.

Nikaufuta uso kwa patasi, nikaligeuza gogo. Nikachonga ninachokijua: bega la kushoto lililoshushwa na mikungu ya ndizi, kofia iliyolala kisogoni, shingo iliyoinama kidogo. Nikampelekea mama mkwe roho ikiwa mkononi.

Alimweka mapajani, akapitisha kidole kwenye lile bega.

"Mama, uso umenishinda," nikaanza kujitetea.

"Uso ninao mimi. Huyu ndiye, anakwenda shambani. Ndaga fijo, mwanangu." Alipokwisha kunishukuru akafuta macho kwa khanga. "Hata kukohoa utadhani atakohoa."

"Kile kifua kilimtesa."

"Kifua gani? Ndani hakukohoa hata siku moja. Alikuwa anakohoa njiani ili wewe usikie, usije ukakurupuka na ndoo ukaanguka."

Tulimweka dirishani, ametupa mgongo, anatazama migomba.

Asubuhi nikitoka na ndoo kupita pale nje, mbele yake, huwa nakohoa kwanza.