Mkono wa Gauni na Swali la Ndui

Papa Elisée, mkimbizi na fundi cherehani wa Jules Street, mtaani Malvern, si mtu wa kuchezea karatasi. Patroni zake, yaani vile vipande anavyovifuata kukata nguo, huzitoa kwenye magazeti makuukuu ya misheni aliyoachiwa na marehemu baba yake, François. Mzee alimwambia asiyatupe hata siku moja. Elisée hakuyatupa, aliyakata, na kwa miaka kumi hakuona kosa lolote. Karatasi ngumu kama ile utaipata wapi siku hizi?

Jelimo, Mkenya anayefundisha historia ya tiba chuo kikuu, alikuja kupimwa gauni. Akaganda mbele ya patroni ya mkono iliyotundikwa msumarini.

"Papa Elisée, hii gazeti ni ya miaka ya thelathini! Unaikata aje?"

"Eish, mama, njo kazi yetu," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambako "ndiyo" ni "njo". "Inasema nini?"

Ndiyo, hakuwahi kuyasoma! Jelimo akamweleza kwamba zamani zile daktari alikuwa mbali, na mara nyingi gazeti ndilo lililotangulia kufika vijijini na habari za maji ya kuchemsha, chandarua na chanjo. Wasomaji waliuliza, gazeti likajibu. Kisha akamsomea swali lililokuwa kwenye patroni ile ya mkono: "Ndui imeniulia watoto wawili. Huyu wa tatu ana miezi minne, na majirani wanasema kuchanjwa kutammaliza. Mimi na mama yake hatulali. Je, nimpeleke..." Hapo mkasi ulikuwa umepita.

Jamani, udadisi ukimshika mtu hauna dawa. Gauni likasahaulika. Wawili hao wakashusha patroni zote, wakazitandaza sakafuni, wakatambaa juu yake kwa magoti kutafuta kipande kilichobaki. Patroni ya sketi ya Brigitte, mmoja wa wateja, ilikuwa na tangazo la sabuni. Ya kiuno cha mteja mwingine, Murielle, ilijaa habari za minyoo. Mwishowe, kwenye kola ya mteja wa tatu, Arlène, kingo zikakutana: "...au nimfiche? Ni mimi Lubunga, karani wa pamba, Uvira. Jibu:"

Chini ya hapo hapakuwa na kitu, ila mkato uliopinda vizuri kuzunguka shingo.

"Jibu limeenda wapi?" Jelimo alikaribia kulia. "Walimpeleka ama hawakumpeleka?"

Elisée alikaa kwenye kiti cha cherehani, aibu imemjaa. Lubunga ni babu yake. Vita vilipowafukuza nyumbani Uvira, mzee François aliacha redio na vitanda, akabeba magazeti, na watoto wakamcheka. Kumbe! Na yeye ameyakatakata kwa ajili ya kola.

"Jibu minaijua, mama," alisema. "Papa yangu alikuwa na alama ya chanjo ku mukono. Njo yeye ule mutoto wa tatu. Alikufa na myaka makumi munane na mbili, akaacha watoto tisa."

Akapangusa macho kwa kanda ya kupimia.

"Mimi ni wa tisa."