Nilichokijua Kabla ya Harusi

Mama hakuwahi kunichapa kwa kuvunja chungu. Alinichapa kwa kusema chungu kimevunjwa na mbuzi. Tulikaa Kirua Vunjo, upande wa juu, ambako migomba na mibuni imebanana hata jirani akikuita unasikia sauti tu, yeye humwoni. Baba alikufa mapema. Mama akatulea wawili, mimi na kaka yangu, kwa jembe, rozari na fimbo ya mbuni. Kwake mtoto mvivu angeweza kurekebishwa, hata mlafi. Alichokiogopa ni mtoto mwongo. "Njia ya mwongo ni fupi," alikuwa akisema, "lakini akiwa na bahati mbaya, inakuwa ndefu sana." Sehemu ile ya pili alikuwa ameiongeza mwenyewe, nami sikuielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima, tayari ni mwalimu wa darasa la nne.

Ilikuwa miaka ile kahawa ilipopoteza heshima yake. Wazee waliendelea kupogoa mibuni kwa mazoea. Vijana walikimbilia biashara. Kaka yangu alikuwa akileta mitumba kutoka Kenya, wiki hii kupitia Tarakea, wiki ijayo kupitia Holili, na kuiuza Moshi mjini. Alikuwa mcheshi, mwenye kupenda watu, na kila kituo cha safari yake alikuwa na rafiki. Mjini alimpata mchumba, fundi cherehani, binti wa watu waliotoka mikoa ya kati kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare.

Kiasi cha miezi miwili kabla ya harusi, kaka alinifuata shuleni. Alikuwa ametokwa na mkanda wa jeshi, malengelenge yamemzunguka ubavuni.

"Nisindikize hospitali," akasema. "Daktari anataka kunipa majibu, na sitaki kwenda peke yangu."

Nilimsubiri nje, kwenye ukuta mfupi karibu na geti. Alipotoka alikaa kando yangu, akawa anavua saa yake na kuivaa tena.

"Ninao," akasema.

Siku hizo hatukuutaja ule ugonjwa kwa jina. Nilimshika mkono. Tulilia kidogo, kisha nikamwuliza, "Na mwenzako?"

"Nitamwambia mwenyewe. Niachie hilo. Niapie kwamba hutasema kwa mtu yeyote, hata mama."

Nikaapa. Alikuwa kaka yangu, wa pekee niliyekuwa naye.

Jumapili tatu mfululizo katekista alisimama kanisani akasoma tangazo la ndoa, na kila mara akamalizia kwamba anayejua kizuizi chochote atoe taarifa. Jumapili ya kwanza nilimtazama kaka, naye akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema ngoja. Ya pili hakunitazama. Ya tatu mimi ndiye niliyeinamisha macho. Siku ya harusi nilimfunga bi harusi shela kwa mikono yangu. Alikuwa akitetemeka kwa furaha, akaniambia, "Wifi, sina dada. Sasa ninaye."

Walikaa miaka sita. Wifi alijifunza Kichagga mpaka akawa anatania nacho, na mtori wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mama alisema hivyo mbele za watu. Walizaa mtoto mmoja, wa kike. Kila nilipokwenda kwao nilikuwa na swali moja mdomoni kwa kaka, na kila mara alilizuia kwa mzaha kabla sijalitoa. Baadaye nikaacha kwenda. Kisha akaanza kukonda. Wifi alimwuguza peke yake, akimwogesha na kumlisha kwa kijiko, mpaka tulipomzika katika kihamba chetu, shamba la ukoo, karibu na baba.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, ndiye aliyezungumza.

"Mtoto wetu alikuwa mzima mpaka alipomwoa chasaka," akasema. Ndivyo tunavyowaita wasio Wachagga. "Ugonjwa huu umepanda kutoka tambarare. Mwanamke huyu arudi kwao."

Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto amemlalia pajani. Hakulia wala kujitetea. Mama aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa bado ni mama yangu. Akauliza, "Kuna mtu hapa anayejua jambo lingine? Aseme sasa."

Wifi akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyeshika upande mmoja wa mzigo, anayengoja mwenzake ainue upande wa pili. Nikainama, nikaanza kukusanya vikombe vilivyokuwa bado na chai.

Kesho yake nilitoka kwenda shuleni mapema kuliko kawaida ili nisimwone akiondoka.

Tangu hapo sikupata raha. Si kwamba niliona mzimu. Ila nikiwa nimesimama mbele ya darasa, nimeandika ubaoni "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu", nikigeuka namkuta mtoto fulani ananitazama akingoja niendelee, nami naifuta kabla hawajainakili. Wakati wa matangazo ya ndoa kanisani nilikuwa natoka nje. Watu walidhani nina kikohozi. Wazazi walinisifu kwamba nawalea watoto wao katika maadili, nami nikaogopa sifa zile kama mtu anayevaa nguo za wizi.

Mwaka wa pili nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyo mama anakaa wapi siku hizi?"

"Kwa wazazi wake, kwenye miwa."

"Basi unapajua."

Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba. Kwetu, anayekosa humpelekea aliyemkosea jani hilo, naye hawezi kukataa kusamehe. Nilishuka tambarare nikiwa nimelifunga kwenye kanga. Joto lilikuwa kali, na majivu ya miwa iliyochomwa yalikuwa yakielea kila mahali, yakitua begani. Nilimkuta wifi mlangoni, kwenye cherehani yake. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniuliza habari za mama. Nikapiga magoti nikamtolea jani.

Hakulipokea.

"Najua maana yake," akasema. "Nilikaa kwenu miaka sita. Lakini mimi ni chasaka, wifi. Mila yenu hainifungi."

Nilimweleza yote, hospitali, kiapo, Jumapili tatu. Alinisikiliza akizungusha gurudumu la cherehani taratibu kwa kiganja, bila uzi.

"Aliniambia," akasema. "Mwezi wa mwisho. Aliniambia na wewe ulikuwa unajua."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema nini? Mama alikuwa amezika mtoto. Nikiongea mimi, ningekuwa mgeni anayemtukana marehemu. Nilikuwa nakungoja wewe." Akaondoa mkono kwenye gurudumu. "Sikuchukii. Lakini usiniletee mimi hilo jani kwa siri. Nilifukuzwa mbele ya watu."

Nilirudi. Ilinichukua miezi mitatu mingine, na aibu ya miezi ile mitatu ni kubwa kuliko ya miaka yote iliyotangulia, kwa sababu sasa nilikuwa najua hasa la kufanya. Hatimaye nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi, nikamwambia. Hakuacha kumenya. Alimaliza mkungu mzima, akanawa mikono, akasema, "Nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza mbele ya watu, nikakuona unakusanya vikombe vyenye chai."

Akawaita wale wale wa ukoo, uani pale pale. Nilisimama nikasema nilichokijua na tangu lini. Baba mkubwa alipiga fimbo chini. "Unamvua nguo marehemu!"

"Nguo hizo tulimvua mtu mwingine," mama akajibu. "Tuzirudishe."

Wiki iliyofuata mama alishuka mwenyewe tambarare, mzee wa magoti mabovu, na ndizi kichwani. Nilimsindikiza, lakini sijui yeye na wifi walizungumza nini. Walikaa ndani wawili, mimi nikabaki nje na mtoto. Wifi hakurudi kukaa kwetu, lakini alianza kumruhusu mtoto kuja kwa bibi yake kila Krismasi. Wifi hakuishi mpaka dawa zilipopatikana kwa watu kama sisi. Kabla ya kufa alisema azikwe huko huko, kwa wazazi wake. Baba mkubwa alikwenda kwenye mazishi. Alisimama nyuma, kofia mkononi, na hakuna aliyemwambia kitu.

Mtoto alikua kule tambarare, kwa wazazi wa mama yake. Alipimwa, alikuwa salama. Alipofika kidato cha pili alikuja pia likizo ya katikati ya mwaka, siku moja akanikuta nikichuma kahawa, akanisalimia, kisha akabaki amesimama.

"Shangazi," akasema, "kabla mama hajaolewa, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na majibu mengi yaliyokuwa karibu na ukweli. Kwamba niliapishwa. Kwamba nilikuwa bado kijana. Kwamba bila ndoa ile yeye asingezaliwa. Hilo nililifikiria kweli, na nikaliona lilivyo ovu kumtwika mtoto.

"Ndiyo," nikasema. "Nilijua."

Aligeuka, akarudi nyumbani kwa mama kufungasha vitu vyake. Krismasi ya mwaka ule hakuja, wala iliyofuata. Mama aliacha kuniuliza mtoto atakuja lini. Mwaka wa tatu alikuja, amekuwa mrefu. Alimkumbatia bibi yake kwa muda, akaja mpaka niliposimama, akaniamkia, akachukua ndoo kwenda kuteka maji.