Inchi Tatu za Mama Pindo

Asubuhi bado mbichi. Maduka ya jirani hayajafungua, na mtaani kuna mlio mmoja tu: mkasi unaokula kitambaa, krechi, krechi, krechi. Mama Pindo amepiga magoti kwenye sakafu ya kibanda chake cha ushonaji, juu ya shuka kuukuu alilotandika ili kitambaa kisishike vumbi. Anakata pazia. Kitambaa ni kizito, rangi ya maziwa, kimeanzia mlangoni hadi chini ya cherehani, na yeye anakifuata kwa magoti huku chaki ameibana sikioni.

Anafika mwisho, anaweka mkasi, anasimama. Hashiki meza, wala ukuta.

"Umeona hapo?" anauliza, akijikung'uta nyuzi kwenye gauni. "Watu wakija hapa wananitazama kiuno. Mimi nawaambia tazameni ninavyoinuka."

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo akilishona yeye, nguo itachakaa yote na pindo litabaki. Alianza kukaa nyuma ya cherehani binti yake wa kwanza akiwa ananyonya. Leo binti huyo naye ni mama wa watoto. Miaka yote hiyo mguu unakanyaga, mikono inasukuma, mgongo umekunjwa, na pembeni kuna chupa ya soda na kipande cha mkate cha kusukumia mchana.

Mwili ukaongezeka polepole, naye akawa anafumua nguo zake na kuzipanua. "Nilizifumua mpaka nikafika ukingoni mwa kitambaa," anasema, akicheka hadi mabega yanatikisika. "Hapakuwa na cha kuachia tena."

Kicheko kilikatika pale mgongo ulipogoma. Kibanda chake ni chembamba na meza ni ndogo, kwa hiyo mapazia, mashuka na vifuniko vya makochi hukatwa sakafuni. Ikafika siku akishuka hainuki. Kazi kubwa zote akawa anazikataa, akabaki na zipu, vifungo na kukunja suruali za watu.

Daktari hakumzungusha. Alimwambia magoti na mgongo vimebeba mzigo kuliko uwezo wake, apunguze uzito, afanye mazoezi, arudi baada ya miezi sita. Hali ikiwa ileile, atafute kazi nyingine. Siku hiyo muuguzi alimpima kiuno: inchi arobaini na sita.

"Kazi nyingine ipi?" Mama Pindo anauliza hadi leo, kana kwamba daktari yupo mlangoni. "Mimi nikiona mtu barabarani sioni uso, naona mshono. Nikafanye nini kingine?"

Binti yake mdogo, anayefanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwenye yoga. Darasa lipo ghorofani, juu ya duka la vigae, kwenye chumba chenye madirisha mapana na mikeka ya mpira iliyopangwa kama viraka. Siku ya kwanza Mama Pindo aliinama kugusa vidole vya miguu akaishia magotini. Mwisho wa somo waliambiwa walale chali, wafumbe macho, wasikilize pumzi zao.

Kesho yake aliulizwa na Fundi Suruali, jirani yake wa kibanda cha pili, mzee mwembamba asiyejua kunyamaza.

"Eti Mama Pindo, unalipa hela ya kukunja suruali mbili ili ukalale chini?"

"Nalipa, kaka. Na nililala kweli. Nilikoroma mpaka wakaniamsha."

"Si ungekuja kulala hapa kwangu kwenye vitambaa? Ningekutoza ya suruali moja."

Mwezi ulipoisha, Mama Pindo alifunga mlango wa kibanda, akavua tepu ya kupimia shingoni, akaizungusha kiunoni. Arobaini na tatu! Alipiga ukelele, Fundi Suruali akaja mbio na pini mdomoni akidhani sindano imempita kidoleni.

"Inchi tatu, kaka! Mwezi mmoja!"

Habari ikauzunguka mtaa haraka kuliko moshi. Msusi akajiunga na yoga, na muuza viatu, na dada wawili wa duka la dawa. Kila aliyefika kupanda ngazi za duka la vigae alikuwa amemfuata Mama Pindo na inchi zake.

Lakini mwezi wa pili tepu ikasoma arobaini na tatu. Wa tatu, arobaini na tatu. Wa nne, vilevile. Akaanza kufanya mazoezi na jioni, nyumbani, kati ya kochi na kabati. Tepu haikusogea.

"Nikasema mwili umesusa," anakumbuka. "Nikawa naubembeleza kama mtoto aliyekataa kula."

Jibu lilikuja na gauni. Mteja anayeishi mbali alimsomea vipimo kwa simu, vipimo alivyopimwa na fundi wa kwao. Mama Pindo akakata na kushona kwa uangalifu wake uleule. Mwenye gauni alipokuja kulivaa, alijigeuza mbele ya kioo, akashika kitambaa kilichozidi kila upande.

"Fundi, humu tungeingia mimi na dada yangu, na bado tungepata nafasi ya mkoba."

Mama Pindo akaapa kwamba hakukosea hata nukta. Fundi Suruali, aliyekuwa amesimama mlangoni kusikiliza yasiyomhusu, akaenda kuleta rula yake ndefu ya mbao.

"Lete hiyo tepu yako."

Akailaza kando ya rula. Rula ilipoishia, kwenye inchi ya thelathini na sita, tepu ilikuwa bado haijafika thelathini na tano. Ilikuwa imevutika. Miaka mingi ilikuwa ikivaliwa shingoni mchana, ikivutwa kazini, iwe mwilini au mezani, na jioni ikining'inizwa kwenye msumari wa dirishani penye jua, mkasi mzito umefungwa kwenye ncha yake usipotee. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwa sababu wote walipimwa kwa tepu hiyo na kukatiwa kwa tepu hiyohiyo. Kosa lilikuwa linajificha ndani ya kosa. Ila kiuno chake mwenyewe, mara ya kwanza, kilipimwa na tepu ya muuguzi.

Alijifungia na tepu ya Fundi Suruali. Ikasoma arobaini na tano.

"Kwa hiyo katika zile inchi tatu," anasema taratibu, "mbili zilikuwa za tepu. Moja ndiyo yangu."

Wiki mbili hakukanyaga darasani. Miadi ya daktari ilikuwa inakaribia, na alichokuwa amekiegemea kilikuwa kimeponyoka. Tena alimwonea aibu msusi, ambaye, alipoona haji darasani, alipita kibandani akasema bila kuficha, "Mama, mimi nilikufuata wewe, unajua?"

Mwalimu wa yoga, mwanamke mtaratibu aliyewahi kuwa karani wa benki, alimfuata mwenyewe kazini. Mama Pindo hakumpa hata kiti.

"Mwalimu, leo nieleze kweli tupu. Yoga inapunguza mwili au haipunguzi?"

"Kwa wengine inapunguza, mama, lakini polepole. Hii yetu ni ya taratibu, haimalizi chakula kingi mwilini. Ukitaka uzito ushuke, kuna kula na kuna kutembea. Mimi sijawahi kumwahidi mtu kiuno."

"Basi mimi imenipa nini?"

"Kaa chini."

"Wapi?"

"Hapo sakafuni."

Mama Pindo akakaa, kwa hasira.

"Haya, inuka."

Akainuka. Alikuwa ameshasimama wima, mikono imemkaa kiunoni tayari kwa ugomvi, ndipo alipogundua kwamba hakushika kitu.

"Siku ya kwanza," mwalimu akasema, "tulikuinua watu wawili. Mmoja wao alikuwa binti yako, na alilalamika."

Tangu siku hiyo aliiacha soda, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, na darasani akarudi. Alimweleza msusi habari ya tepu mwanzo hadi mwisho. Msusi alicheka mpaka akakalia ngazi, kisha akapanda juu kufanya mazoezi. Yeye, alisema, hulala vizuri siku hizi, na hilo halijapimwa kwa tepu.

Kwa daktari mzani ulionyesha kilo nne chini. Si nyingi, naye daktari hakuzisifia. Alimwinamisha, akamchuchumaza, akambonyeza mgongo hapa na pale. Kisha akasema abaki na cherehani yake, ila awe anainuka kitini kila mara na aendelee kupunguza.

Mapazia haya ya rangi ya maziwa ni ya ukumbi wa mikutano, kazi kubwa ya kwanza tangu mgongo ugome. Akiyamaliza, anataka kuomba na ya vyumba vya juu. Halafu atajishonea gauni la bluu, kwa tepu mpya, kwa kipimo cha mwili alionao leo. "Ukipungua, nitalibana. Kubana ni kazi ndogo."

Anapumzika kidogo. Analala chali juu ya shuka, pembeni ya pazia, anapitisha tepu ya zamani chini ya unyayo na kuuvuta mguu juu, polepole, hadi goti linanyooka. Kwenye mlango wa pili Fundi Suruali amefungua na ameshamwona.

"Mama Pindo! Hiyo itazidi kurefuka!"

"Iache irefuke," anajibu kutoka sakafuni, mguu juu. "Siku hizi haimpimi mtu."