Kidole cha Léocadie mu Banki

Siku ya kuondoa matanga ya Kizito, ndugu yake Norbert aligawiwa vya marehemu kama desturi ilivyotaka: koti, nyavu, na kile kitabu cha banki. Wazee wakaongeza kwamba mjane Léocadie naye ataingia kwake kama mke, pamoja na bintiye Geneviève.

Léocadie alisema tu, "Shemeji, koti iko yako. Banki tutaonana."

Wanawake wakamcheka. Nani alimwona mwanamke akibishana na banki?

Lakini kitabu kile kilizaliwa na ndagala zake, dagaa wa ziwani. Mwaka wa sitini na moja, uhuru ungali mbichi, yeye na Kizito waliuza ndagala kavu ng'ambo ya ziwa, wakapeleka faida banki. Karani alitaka jina la baba peke yake. Léocadie akamwuliza, "Na aliyeanika ndagala, ataandikwa wapi?" Wakatia vidole wote wawili, na karani akaandika kwamba mmoja akifa, aliyebaki ndiye mwenye pesa.

Kisha waasi wakaingia Uvira, mji wao, banki ikafungwa, watu wakakimbilia milimani. Huko homa ikamchukua Kizito.

Banki ilipofunguliwa tena, Léocadie alikwenda ofisi ya serikali mara nne kuomba karatasi ya kifo. Mara tatu walimwambia arudi kesho. Alirudi.

Jumatatu Norbert alisimama dirishani na kitabu. Léocadie alikuwa nyuma yake.

"Weye ndiye Kizito?" aliuliza Gaspard, karani.

"Kizito alikufa. Minye ndugu yake, nimerithi kitabu."

"Kitabu hakina pesa ndani, papa. Pesa iko mu fishi yetu." Gaspard akaitoa kadi hiyo kabatini, akaisoma polepole. "Hapa kuna vidole viwili. Cha pili ni cha nani?"

"Changu," alisema Léocadie, akaweka karatasi ya kifo mezani.

Norbert akageuka. "Kidole cha mwanamke kitashinda wazee?"

"Mu banki, papa, wazee hawakutia kidole," Gaspard akasema.

Léocadie akakandamiza kidole kwenye wino, akakitia karatasini. Gaspard akalinganisha alama mbili, akainua kichwa: "Ni ileile, mama. Zote zako."

Léocadie alitoa pesa za kununua kiwanja mtaa wa Songo, zingine akaziacha palepale. Karani akauliza aandike nani wa pili.

"Geneviève. Mwite, atie kidole chake mwenyewe."

Mwezi haujaisha, mama na binti walijenga kibanda Songo, wakalala kwao, na hakuna mzee aliyethubutu kubisha hodi kuuliza lini ataingia kwa Norbert.